Ubaguzi Uingereza: sheria isiyotaja rangi

Anayesema ubaguzi wa rangi umerudi Uingereza huanza na ghasia za 2024. Wasichana watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport, uvumi mitandaoni ukasema muuaji ni Mwislamu aliyekuja kuomba hifadhi. Polisi walieleza kwamba kijana huyo, ambaye wazazi wake ni Wanyarwanda, amezaliwa Cardiff, hukohuko Uingereza. Msikiti ulipigwa mawe vilevile, na siku chache baadaye hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham ikatiwa moto.

Upande wa pili nao una hoja, na haifai kuidharau. Wapiga kura waliahidiwa kwamba kujitoa Umoja wa Ulaya kutapunguza wahamiaji. Kufikia katikati ya 2023, ongezeko halisi kwa mwaka lilipita 900,000. Kuuliza hao wote watapanga wapi si chuki. Tena, wanasema, nchi ya kibaguzi ingempataje Rishi Sunak kuwa waziri mkuu, mtu wa asili ya Kihindi, baba yake mzaliwa wa Kenya na mama wa Tanganyika?

Hoja ya Sunak ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Serikali ya chama cha Labour ikapitisha sheria bungeni kwa siku tatu: hapiti bila kizuizi ila aliyezaliwa Uingereza, au mwenye mzazi, babu au bibi wa huko. Neno rangi halimo. Mlowezi Mzungu wa Nakuru alipita kwa babu yake, Mhindi wa Ngara, Nairobi, akabaki nje na pasipoti ileile.

Mtindo huo haujafa. Sheria ya uhamiaji ya 2014 inamtaka mwenye nyumba akague hati za mpangaji, akikosea atozwe faini. Yeye si ofisa uhamiaji. Akiogopa faini humchagua mwenye pasipoti ya Uingereza, au mwenye jina la Kiingereza. Mahakama Kuu ililiona hilo 2019. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ubaguzi unatokea, lakini ikaamua kuwa mpango wenyewe una sababu halali. Hapo ndipo mabishano halisi yalipo, kuliko kwenye mawe ya Southport.

Walioumia zaidi kwa ukaguzi wa namna hii ni wazee wa visiwa vya Karibi walioingia kihalali wakiwa watoto kabla ya 1973. Walidaiwa ushahidi wa tangu lini wapo. Kadi zao za kuingilia ziliharibiwa 2010, na Wizara ya Mambo ya Ndani, ileile iliyowadai.