Usiuze hiyo kompyuta ya mezani, iongezee diski

Inaniuma kila ninapoona kompyuta ya mezani iliyo nzima ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu "imejaa" au "imekuwa nzito". Mwenye duka la steshenari anaambiwa mashine yake imepitwa na wakati. Anajikamua, ananunua mtumba mwingine wa umri uleule, na baada ya miezi kadhaa malalamiko ni yaleyale. Mara nyingi alichohitaji ni diski ya pili, kebo moja ya SATA (ile inayounganisha diski na kompyuta) na bisibisi.

Nazungumzia zile mashine zilizojaa kwenye maofisi na maduka yetu: Dell OptiPlex 790, OptiPlex 7010 ile ya 2012, HP Compaq za miaka hiyohiyo. Nyingi zina prosesa ya Core i5 yenye viini vinne. Kuandika barua, kupiga hesabu za Excel, kuchapa, kutazama matokeo ya NECTA, kutuma ritani za kodi, yote hayo prosesa hiyo inayamudu bila jasho. Kinachoichosha ni diski iliyokuja nayo.

Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila faili inapotakiwa, kichwa cha kusomea lazima kihamie kwenye njia yake, kisha kisubiri sahani izunguke hadi sehemu yenyewe ifike chini yake. Subira hiyo ya mzunguko peke yake ni wastani wa milisekunde 4. Unaweza kuiona ndogo, lakini Windows inapowaka huita maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na subira zinajumlishana. SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka, faili inapatikana papo hapo. Ndiyo maana mashine ileile, kwa prosesa ileile, ikiwekewa SSD mwenye nayo hudhani amebadilishiwa kompyuta.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye kompyuta ya zamani, diski ya pili iwe SSD ndogo, GB 240 inatosha kabisa, ichukue Windows na programu. Ile ya zamani, kama bado ni nzima, ibaki ndani ikitunza picha, video na makabrasha. Wengi wanafanya kinyume. Wananunua diski nyingine ya kuzunguka, kubwa, TB 2, wanaiweka pembeni ya ile ya kwanza, na Windows inaendelea kukaa palepale ilipokuwa ikiteseka. Nafasi wameipata, uzito uko palepale. Na asikutishe mtu kwamba SATA ya zamani "haitaiweza" SSD. SATA ya kizazi cha pili inapitisha takribani MB 300 kwa sekunde, na faida kubwa ya SSD iko kwenye kuondoa ile subira ya kutafuta, ambayo haitegemei kasi ya kebo.

Kufungua si kazi ya kuogopa. Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye OptiPlex ndogo ile ya kulala unavuta kitasa, kifuniko kinanyanyuka, na hakuna skrubu hata moja. Vile vipande vya plastiki ya bluu ndivyo vya kubonyeza ili kitoke kiendeshi cha CD na kibebeo cha diski. Kebo ya data ni nyembamba, ina pini 7, na ya umeme ni pana, ina pini 15. Zote mbili zina umbo la herufi L mdomoni, kwa hiyo haziingii kinyumenyume. Ukiona inagoma, usisukume, igeuze. Kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, matundu yameandikwa SATA0, SATA1 na kuendelea: diski ya kwanza iache ilipo, ya pili ipe tundu linalofuata.

Kasha dogo halina nafasi ya diski mbili za inchi 3.5. Hapo SSD inakuokoa tena, kwani ni nyepesi na haitikisiki, unaweza hata kuibana kwa gundi ya utepe wa pande mbili. Au toa kiendeshi cha CD, ambacho wengi hawakigusi siku hizi, utumie kibebeo maalumu kinachoingia kwenye pengo lake. Vipo vya unene wa milimita 12.7 na 9.5, pima kwanza. Diski ya kuzunguka hairuhusiwi kuning'inia hivyo, lazima ifungwe skrubu, la sivyo mtetemo utaiua.

Kuhusu umeme nina neno moja zito. Kama pawa saplai haina kichwa cha SATA cha ziada, utauziwa kiunganishi cha kubadili kichwa cha zamani cha pini nne kuwa cha SATA. Vipo vya aina mbili, na kile ambacho plastiki yake imemwagwa ikagandia juu ya nyaya kimejulikana kwa kuyeyuka na hata kuwaka moto. Chukua kile ambacho unaona nyaya zimebanwa moja moja kwenye kichwa, au bora zaidi, kebo ya kugawa inayotoka SATA kwenda SATA. Tofauti ya bei ni ndogo mno kulinganisha na duka zima kuungua.

Umefunga, umewasha, na diski mpya haionekani. Hapa ndipo watu hurudisha diski dukani wakidai ni mbovu. Dell nyingi za wakati ule huja na matundu ya SATA yasiyotumika yakiwa yamezimwa. Bonyeza F2 wakati inawaka, ingia sehemu ya Drives, weka alama kwenye tundu ulilolitumia, hifadhi utoke. Kwenye HP ni F10. Ukishaingia kwenye Windows bado diski isiyokuwa na kitu haitajitokeza kwenye orodha ya kawaida, ni mpaka ufungue Disk Management, zana ya diski iliyomo ndani ya Windows, uianzishe na kuifomati. Ukiulizwa MBR au GPT, yaani njia mbili za kuipanga diski, kwa diski ya kuwekea mafaili tu, chagua GPT, maana MBR haivuki TB 2.

Kuhamisha Windows kwenda SSD, programu ya kunakili diski iitwayo Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi vizuri, ila SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani, punguza kwanza patisheni ya Windows ili ienee. Ukimaliza, washa mara ya kwanza ukiwa umechomoa diski ya zamani. Zikiwashwa pamoja, Windows inakuta diski mbili zenye kitambulisho kimoja na kuizima mojawapo, halafu mtu anahangaika nusu siku akitafuta mafaili ambayo yapo.

Sasa diski za mtumba. Ukinunua ya kuzunguka iliyotumika, usiondoke dukani kabla hujaisoma kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski. Tazama saa ilizowashwa: mwaka mmoja mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi mfululizo zaidi ya miaka minne na nusu. Muhimu kuliko saa ni idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, na zile zinazosubiri kuhamishwa. Kama si sifuri, mwachie mwenyewe. Saa zenyewe zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika kwamba diski zilizochakaa kwenye vituo vya data ziliuzwa kama mpya, kumbukumbu yake ya saa imerudishwa sifuri. Ikiwezekana Ulaya, Kariakoo inawezekana pia, kwa hiyo chunguza skrubu na pini kama zina mikwaruzo.

Kuna wanaoamini kwamba diski mbili ndani ya kasha moja ni usalama. Nawaomba waache. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ikifa vibaya inaweza kwenda na diski zote mbili. Mwizi naye habebi moja akaacha nyingine. Nakala ya kazi zako ikae nje ya kasha, na ikae mbali na kompyuta, hata kama ni diski ya nje unayoichomeka mara moja kwa wiki na kuipeleka nyumbani.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za mashine hizi. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuweka diski ya pili. Mtu ambaye bado anasitasita anaweza kuiacha Windows yake ilivyo, akachomoa kebo ya diski yenye Windows, akasimika Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kwenye SSD mpya, kisha akairudishia. Hakuna kitakachofutwa. Akiwasha anabonyeza F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP na kuchagua diski anayotaka kutumia siku hiyo, mpaka atakapokuwa tayari kuamua.