Mzungu Yupi Hasemi Hivyo?

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na msemo mmoja aliofungia kila sahihisho: "Mzungu hasemi hivyo." Mwanafunzi akisoma neno "card" na kuitamka ile "r" iliyoandikwa waziwazi mbele ya macho yake, aliamriwa aketi, aliyemfuata akisema "kaad" alipigiwa makofi. Hakuna aliyethubutu kumwuliza mwalimu ni Mzungu yupi anayemsema, maana Mzungu wa Glasgow, wa Bristol au wa Chicago angeitamka "r" ile bila wasiwasi wowote. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kwamba tulichofundishwa kuwa Kiingereza chenyewe kilikuwa lafudhi ya tabaka moja, iliyokulia pembe moja ya nchi moja, na kwamba katika suala hili la "r" lafudhi hiyo ndiyo iliyoiacha njia ya zamani, si sisi.

Katika karne ya 16 Waingereza walio wengi waliitamka "r" kila ilipoandikwa. Ni katika karne ya 18 ndipo watu wa London na maeneo ya jirani walipozidi kuilegeza ilipokuwa mwishoni mwa neno au mbele ya konsonanti, hadi ikayeyuka na kuiachia irabu iliyoitangulia urefu wake. Mwaka 1791 John Walker, mwigizaji wa jukwaani aliyegeuka mwalimu wa ufasaha wa kusema, alichapisha kamusi ya matamshi ambamo alieleza kwamba, hasa London, "r" ya maneno kama "lard" na "card" hutamkiwa kooni kiasi cha kubaki irabu ndefu tu, na akayaandika matamshi hayo kama alivyoyasikia: "laad", "caad". Hiyo ndiyo "kaad" ya mwalimu wangu, ikiwa bado changa.

Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuufuata Uingereza, kwa sababu tunao mdomoni. Kiswahili kina maneno matatu ambayo asili yake ni neno moja la Kigiriki, yaliyotufikia kwa njia tatu tofauti: karatasi kupitia Kiarabu, karata kupitia Kireno, na kadi kupitia Kiingereza. Mwarabu alituletea "r", Mreno akatuletea "r", Mwingereza akafika mikono mitupu. Tazama pia ripoti, pasipoti, fomu, wodi, baa, shati, sajini na Machi. Kila neno hapo katika Kiingereza linaandikwa kwa "r" mwishoni au mbele ya konsonanti, na kila moja lilipoingia kwetu "r" hiyo haikuonekana. Si kila neno linaifuata kanuni hii, kwani daktari amebaki na "r" yake, lakini kwa jumla masikio ya babu zetu yalinasa kwa uaminifu mkubwa lafudhi ya waliowatawala. Waskoti, ambao "r" yao inakaribiana sana na yetu, nao walikuwepo, na misheni ya Kanisa la Scotland ilikuwa na kituo chake kule Kikuyu. Hata hivyo msamiati wa ofisi, jeshi na hospitali ulishika matamshi ya kusini.

Neno basi nalo lina habari yake. Hadi kufikia karne ya 17, irabu ya "put" na ya "cut" zilikuwa sauti moja. Kisha kusini mwa Uingereza zikatengana, "cut" ikasogea kuelekea "a" yetu, ilhali kaskazini hazikutengana. Hadi leo mtu wa Leeds, mji wa kaskazini, anayeongea kwa lafudhi ya kwao hutamka neno "bus" kwa irabu iliyo jirani na "u". Laiti wenye usemi katika makoloni wangekuwa watu wa Leeds, huenda leo tungekuwa tunagombania "busi" pale kituoni, tunakwenda "klubu", na maji ya kisima tunayavuta kwa "pumpu".

Tofauti hizi hazikuanza na London. Makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari katika karne ya 5 kutoka pwani za Ujerumani na Denmark za leo hayakuja na lugha moja iliyonyooka, bali na namna za kusema zilizokwisha kutofautiana, na kila kundi lilipokaa lilipanda mbegu yake. Katika karne ya 9 wakaja Waskandinavia, wakakaa zaidi kaskazini na mashariki, wakachanganya maneno yao na ya wenyeji. Matokeo ya mchanganyiko huo yanaonekana vizuri katika kisa alichokiandika mwaka 1490 William Caxton, yule aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476. Wafanyabiashara walikuwa katika chombo mtoni Thames wakielekea Zeeland, huko Uholanzi, upepo ukakatika, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akamwomba mama wa nyumba mayai akitumia neno "egges", lenye asili ya Kiskandinavia. Mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Bwana yule akakasirika, kwa kuwa naye hakujua Kifaransa hata kidogo! Ilibidi mwenzake aseme "eyren", neno la kale la Kiingereza, ndipo mama akaelewa kinachotakiwa. Caxton alijiuliza mchapaji aandike lipi kati ya hayo mawili, na mimi huona swali hilo kuwa la haki kabisa.

Uchapaji nao ulileta balaa yake, kwa maana tahajia ilianza kuganda wakati irabu ndefu za Kiingereza zikiwa katikati ya mhamo mkubwa uliodumu takriban kuanzia mwaka 1400 hadi 1700. Mhamo huo haukufika kila mahali kwa namna moja; Scotland na kaskazini ya mbali neno "house" liliendelea kutamkwa kwa "u" ndefu ya kale, na wapo wanaolitamka hivyo hata sasa.

Halafu zikaja merikebu, na hapa tarehe ya safari ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Makazi ya kudumu ya Waingereza huko Virginia yalianza mwaka 1607, kabla London haijaipoteza "r" yake, na ndiyo maana sehemu kubwa ya Marekani inaitamka mpaka leo. Bandari kama Boston na New York, zilizokuwa zikiitazama London kwa biashara na kwa mitindo, ziliiacha baadaye. Wafungwa na walinzi wao walishushwa Australia mwaka 1788, na wahamiaji wa New Zealand wakafuata katika karne ya 19, wengi wao wakitoka kusini mwa Uingereza ambako "r" ilikuwa inatoweka au imeshatoweka. Ila kusini kabisa mwa New Zealand, ambako Waskoti walianzisha makazi ya Otago mwaka 1848, "r" ilisalia. New Zealand ina hazina nyingine: kati ya mwaka 1946 na 1948 redio ya nchi hiyo ilizunguka vijijini na mitambo ikawarekodi wazee, baadhi yao wakiwa wamezaliwa miaka ya 1850. Wanaisimu waliokuja kuzichunguza sauti hizo walikuta kwamba watoto wa walowezi wa mwanzo, hata waliokulia mahali pamoja, walitofautiana sana kwa matamshi, na kwamba lafudhi moja inayotambulika ilijitokeza kwa wale waliowafuata.

Kwa maoni yangu, hakuna utafiti unaoivunja kauli ya mwalimu wangu kuliko ule wa mwanaisimu Mmarekani William Labov wa mwaka 1962. Aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la bei nafuu, akawauliza wauzaji ilipo bidhaa ambayo tayari alijua kwamba iko ghorofa ya nne, ili tu wajibu "fourth floor", maneno mawili yenye "r" mbili. Kisha alijifanya hakusikia, wakarudia kwa uangalifu zaidi, naye akaenda pembeni kuandika. Wauzaji wa duka la matajiri ndio walioitamka "r" kwa wingi zaidi, na wa duka la bei nafuu ndio walioitamka kwa uchache. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Mwingereza aliyeitamka "r" hiyohiyo alionekana mkulima wa mashambani.

Sipingi kuwepo kwa matamshi sanifu. Sisi wenyewe tulichaguliwa Kiunguja katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na asemaye "ndia" badala ya "njia" anajua vema kwamba mtihani haumtambui, japo lahaja yake ina tenzi za karne nyingi. Ninachopinga ni kumwambia mtoto kwamba chaguo la kiutawala ni maumbile ya lugha. BBC ilijijengea sauti ya aina moja tangu miaka ya 1920, na mwaka 1941 Wilfred Pickles wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alipopewa kusoma habari kwa lafudhi yake, wasikilizaji walilalamika, ingawa habari zilikuwa zilezile za vita.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani na mpwa wangu wa miaka 9, anayeshinda mbele ya katuni za Kimarekani. Nikamsomea maneno yaliyoandikwa juu ya kadi ya mwaliko wa harusi, nikasema "kaad" kama nilivyofunzwa. Akacheka. "Mjomba, si 'kaad', ni 'kard'," akasema, akiikunja "r" yake kama mtoto wa Chicago. Nikamwuliza nani kamwambia.

"Wazungu ndivyo wanavyosema," akanijibu.