Kangomba ni mkopo: mnada wa korosho na miezi mitatu isiyo na pesa

Mwezi Agosti, katika vijiji vya Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, mikorosho iko kwenye maua na salfa, dawa ya ukungu, hupulizwa alfajiri, kabla upepo haujaamka. Ni mwezi wa gharama. Palizi imeshalipwa au inadaiwa, mpulizaji anataka ujira wake, na chakula cha msimu uliopita kinaelekea kuisha. Korosho nyingi zitaanza kuanguka Septemba na kuendelea, na minada kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Hapo katikati ndipo anapopita mtu mwenye pesa taslimu na kumwambia mkulima: chukua hizi sasa, utanipa korosho zikianguka.

Biashara hiyo kusini inaitwa kangomba, jina lililotokana na chombo cha kupimia. Ni haramu. Viongozi wameikemea kila msimu, watu wamekamatwa, magunia yametaifishwa. Na kila Agosti inarudi. Nimekuja kuamini kwamba mjadala wetu wote kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka zao ghalani, akapewa stakabadhi na kungoja liuzwe mnadani, na ambao sasa umetoka kwenye korosho na kuingia kwenye ufuta, mbaazi, choroko na dengu, unakwama kwa sababu pande mbili zinabishana kuhusu bei, wakati jambo linalomuumiza mkulima ni tarehe.

Tuanze na wanaoutetea mfumo, maana wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwaacha wengi mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ukashambulia maua, na bei aliyolipwa mkulima na vyombo vya umma haikumpa sababu ya kurudi shambani kufyeka. Soko huria la miaka ya 1990 lilileta wanunuzi wengi, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walishapata namna ya kuudhibiti ubwiriunga kwa salfa. Lakini mnunuzi alifika barazani kwa mkulima na mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Mkulima mmoja mwenye magunia matatu hawezi kubishana na mtu anayenunua kwa malori.

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, ilikuja kujibu hilo. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, na chama kikuu kinaziuza kwa mnada: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wanunuzi, wengi wao wakipeleka korosho ghafi India na Vietnam, wanashindana mbele ya wakulima wenyewe. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 310,000 na bei ya mnada ikafika shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu wa 2024/25, minada ikiwa imehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, bei ilipita tena 4,000. Anayesema mnada haujamsaidia mkulima wa kusini hajaziona nyumba za bati zilizojengwa baada ya misimu hiyo.

Wapinzani nao hawasemi uongo. Bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia kwenye akaunti. Kuna kitu kinaitwa mjengeko wa bei, yaani orodha ya makato: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, usafirishaji, mtunza ghala. Halafu kuna unyaufu, kilo zinazopotea ghalani korosho zikikauka, na kuna ugomvi wa kila mwaka kuhusu nani abebe upotevu huo. Mkulima anapima kilo zake kijijini, na huko mbele zinakuwa nyingine. Kwa mazao yanayouzwa haraka kama choroko na dengu malalamiko ni makali zaidi, kwa sababu wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa na wanunuzi waliowalipa siku hiyo hiyo. Wanauliza, na nadhani wana haki ya kuuliza, kwa nini walazimishwe kungoja mnada wa zao ambalo jana waliliuza mlangoni.

Neno zito hapo ni kulazimishwa. Sheria ya 2005 iliunda stakabadhi. Wajibu wa kuuza kupitia ghala peke yake uliongezwa na maagizo na kanuni za zao moja baada ya jingine. Watetezi husema bila ulazima mfumo unavunjika, maana mnunuzi mkubwa akiweza kupita mlango wa nyuma hatakuja mnadani kushindana. Ni kweli kwa korosho, ambazo wanunuzi wake ni wachache na wakubwa. Kwa dengu sijashawishika.

Sasa turudi kwenye tarehe. Watu wengi wamesahau kwamba mfumo ulipoanza ulikuwa na jibu la swali la Agosti, angalau nusu yake. Stakabadhi ilikuwa dhamana. Chama kikikusanya korosho kilikopa benki kwa dhamana ya shehena iliyo ghalani, kikamlipa mkulima malipo ya awali alipofikisha mzigo, na mnada ukiisha kikamlipa malipo ya pili. Ilikuwa fikra nzuri, mpaka bei iliposhuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 soko lilianguka baada ya malipo ya awali kutolewa, vyama vikabaki na madeni benki, na malipo ya pili yakawa pungufu au hayakuja. Aprili 2013 Liwale iliwaka moto: wakulima waliopewa kidogo kuliko walivyoahidiwa walichoma nyumba za viongozi. Baadaye mikopo hiyo ikaachwa, na mkulima akaanza kulipwa mara moja tu, baada ya mnada.

Uamuzi huo ulivitoa vyama kwenye madeni, na ulipokewa kama mageuzi. Lakini hatari ya bei na muda wa kungoja vilihamia kwa mkulima, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuvibeba. Benki ikatoka na chama kikapumua. Pengo lile lilizibwa na mtu wa kangomba.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima anahitaji shilingi 150,000 mwezi Agosti. Anaahidi kilo 100 kwa shilingi 1,500 kila moja. Oktoba mnada unafunga kwa 3,000. Kabla ya kutoa makato, amelipa riba ya asilimia mia ndani ya miezi mitatu. Ni unyonyaji, sina neno jingine. Lakini mkulima huyo si mjinga na hakudanganywa. Anajua bei ya mwaka jana, anajua mnada utaanza lini. Amelinganisha kilo mia moja na mtoto anayeumwa, au na mikorosho ambayo isipopulizwa wiki hii maua yatakauka na ukungu, na akachagua. Tukimkamata mnunuzi wake bila kuweka kitu mahali pake, tumemfungia mlango pekee uliokuwa wazi.

Hapa ndipo msimu wa 2018/19 unapofundisha zaidi kuliko mwingine wowote. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliletewa zabuni za chini ya shilingi 3,000 na wakakataa kuuza, jambo ambalo ni haki yao mnadani. Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaenda kubeba. Kijijini ulikuwa mwezi wa furaha, na siwezi kuwabeza waliofurahi: kwa mara moja dola ilisimama upande wao mbele ya mnunuzi.

Kilichofuata kilikuwa kirefu. Waliopeleka kilo nyingi walihakikiwa mashamba ili kuwabaini wenye korosho za kangomba. Kwa nia, ilikuwa sawa. Kwa utekelezaji, malipo yalisogea hadi 2019, na waliokuwa wamekopa kwa majirani, kwa wenye maduka na kwa wapulizaji nao walingoja. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, uliosainiwa Januari 2019, ulivunjwa miezi michache baadaye. Zao lililoingiza zaidi ya dola milioni 500 mwaka 2017 lilikaa ghalani likipoteza ubora. Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri. Ilikosa tarehe. Na ninaamini msimu ule wa kupambana na kangomba ulipanda mbegu za kangomba ya misimu iliyofuata, kwa kuwa ulimrudisha mkulima shambani bila akiba.

Kuna pigo jingine la mwaka 2018 ambalo halikupigiwa kelele sana nje ya Bunge. Korosho ghafi zinazosafirishwa hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi. Kabla ya hapo asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kwenye zao: utafiti, pembejeo, salfa. Juni 2018 sheria ilibadilishwa, zote zikaenda Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipinga na wakashindwa. Hoja ya serikali kwamba fedha za umma ziende kapu moja ina mantiki ya kihasibu. Kwa mkulima, gharama ya Agosti iliongezeka mwaka ambao pesa ya Oktoba ilichelewa. Miaka ya karibuni serikali imerudisha pembejeo za ruzuku, na mavuno yamepanda. Hilo linaonyesha vizuri mahali ambapo shilingi moja ina kazi kubwa kuliko kwingine.

Wapo wanaosema jibu ni kubangua korosho hapa hapa. Natamani iwe hivyo. Lakini viwanda 12 vilivyojengwa kwa mikopo enzi za Mwalimu Nyerere vingi vilisimama, vingine vikageuzwa maghala, na hata kiwanda kikifanya kazi usiku na mchana hakimpi mkulima pesa mwezi Agosti.

Ninachotaka ni kirudishwe kile kipande cha mfumo kilichoachwa, kwa tahadhari ambayo hakikuwa nayo mwanzo. Wakulima sasa wamesajiliwa kwa ajili ya ruzuku, na AMCOS ina kumbukumbu za kilo alizoleta kila mmoja misimu iliyopita. Mtu aliyeleta kilo 400 miaka mitatu mfululizo anaweza kukopeshwa robo ya thamani ya mavuno yake, kwa bei iliyokadiriwa chini kabisa, na deni likakatwa mnadani kama yanavyokatwa makato mengine yote. Vyama vilizama mwanzoni kwa kukopesha sehemu kubwa mno ya bei ambayo hakuna aliyeijua. Robo haizamishi kirahisi.

Haizamishi kirahisi, lakini inaweza. Msimu ukiwa mbaya, ubwiriunga ukaingia au Vietnam ikapunguza kununua, deni la mamia ya AMCOS litatafuta mtu wa kulibeba. Benki zitataka serikali idhamini. Serikali itasema bajeti haitoshi. Fedha za kuidhamini mikopo hiyo zipo, kwenye ule ushuru wa asilimia 15, na kila mwaka Bunge linapokaa Juni kupitisha bajeti, mikorosho inakaribia kuchanua.