Vibao vya miaka mlimani, na sisi tulio mwisho wa mto

Hapa Uswisi kilichonifurahisha wiki hii ni vibao. Ukishuka stesheni ya Morteratsch, unafuata njia ya kwenda kwenye barafu, na kando yake kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi. Unatembea, unasoma mwaka baada ya mwaka, na barafu yenyewe bado iko mbali. Hata mtoto anaelewa.

Moyo ukanienda Mlima Kenya. Si kwamba kwetu hakukupimwa. Barafu ya Lewis ni kati ya zilizopimwa zaidi katika tropiki, nami najivunia hilo. Kutoka 1934 hadi 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Lakini nambari hizo zimelala kwenye majarida ya wataalamu. Mtu wa Kipini, kule mto Tana unakoingia baharini, atazisomea wapi?

Najua mtakavyosema. "Huyu kaonja baridi, sasa yuwatufunza! Lamu na barafu wapi na wapi?" Jamani, Tana yatoka wapi? Si Mlima Kenya na Aberdare, ikaja kumwaga Kipini, mlangoni mwetu? Waulizeni wakulima wa Ozi, kijiji cha huko huko, chumvi ya bahari inavyowapandia mto ukipungua, hadi kwenye mpunga. Nakubali, kinachoujaza mto ni mvua na msitu, barafu mchango wake ni mdogo. Lakini msitu hupungua kimyakimya, mvua hubishaniwa kila mwaka. Barafu iliyorudi nyuma haina mbishi.

Wala siwaabudu Wazungu. Kwenye barafu ya Rhône, huku huku Uswisi, wao hufunika sehemu kwa maturubai meupe kila kiangazi, na bado inayeyuka. Nchi nzima ilipoteza kama asilimia 10 ya barafu yake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Kwa hiyo siombi maturubai. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanaopanda kuzima moto kule juu wana kazi ya kutosha, na Mungu awalipe. Naomba mbao, rangi, na mwaka ulioandikwa wazi kwenye njia ya kwenda kilele cha Lenana, Mlima Kenya, kisha picha zake zifike madarasani Lamu. Watu wanaojua maji ya bamvua na upepo wa kusi tangu utotoni hawatashindwa kusoma kibao.

Na anayesema watalii watavunjika moyo, mimi treni ya Morteratsch nimeipanda nimesimama, viti vyote vimejaa watu wanaokwenda kuisoma miaka hiyo.