"Mwalimu wetu hafanyi hivyo"

Kila aliyewahi kushika darasa la mwenzake ameshaambiwa maneno haya, na mara nyingi huambiwa kabla hata hajamaliza kuita majina: "Mwalimu, mwalimu wetu hafanyi hivyo." Nimeyasikia darasa la kwanza, nimeyasikia darasa la nne, nimeyasikia kwa mtoto aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Walimu mbadala wengi huyachukulia kuwa utovu wa adabu. Hata mimi nilikuwa hivyo. Siku hizi nayahesabu kuwa msaada mkubwa kuliko wote ninaoupata nikiwa kwenye darasa la watu, na naamini tunawakosea watoto tunapowanyamazisha.

Nilijifunza hayo kwa kufuta ubao.

Lilikuwa darasa la pili. Mwalimu wao alipatwa na dharura usiku, nami nikapigiwa simu alfajiri. Mezani sikukuta andalio la somo, ila daftari la mahudhurio na vipande vya chaki. Ubao ulikuwa umejaa kazi ya jana, nikashika kifutio nikaufuta wote, pembe hadi pembe. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa limenyamaza, macho yote kwangu, kama nimevunja kitu cha watu. Binti mmoja wa dawati la mbele akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu wetu hafuti pale," akanyoosha kidole kwenye kona ya juu. Machozi yakaanza kumtoka.

Kwenye kona ile palikuwa na vijistari vingi. Nilikuwa nimeviona, nikadhani ni mabaki ya hesabu za jana. Kumbe ilikuwa hesabu ya meno. Kila mtoto aliyeng'oka jino tangu muhula uanze aliitwa mbele, akachora mstari wake mmoja, wenzake wakampigia makofi. Na binti yule jino lake lilikuwa limetoka jana yake jioni. Alikuja shuleni asubuhi ile na pengo lake, anasubiri tu kuitwa.

Ningeweza kuwaambia wanyamaze tuendelee na kusoma. Nikawauliza: mistari ilikuwa mingapi? Mikono ikaruka juu. Huyu anasema 14, yule anasema 20. Basi, nikasema, tuhesabu upya, kila mwenye jino lililong'oka muhula huu asimame. Hapo ukazuka mjadala mzito kweli: pengo ambalo jino jipya limeshachomoza linahesabiwa, au limefutika? Na aliyeng'oka mawili kwa siku moja anachora mangapi? Walibishana kwa hoja, wakatoa ushahidi, wakafungua vinywa kuonyeshana. Tukachora kwa mafungu ya tano tano, mistari minne iliyosimama na wa tano ukiikata, na kipindi chote cha hesabu kikaishia pale. Tukafika 17. Binti wa dawati la mbele akapanda juu ya kiti, nikamshikia, akachora wa 18.

Darasa la watoto wadogo lina nguzo zake, na nyingi hazionekani na mgeni. Nani anagawa madaftari. Mlango unafungwa au unaachwa wazi. Anayetaka kwenda chooni anaomba kwa mkono au anachukua kibao kilichoning'inia ukutani. Mtoto wa miaka saba anaingia asubuhi na kumkuta mtu asiyemjua amesimama mahali pa mtu anayemtegemea. Pengine hakuna aliyemwambia mwalimu wake amekwenda wapi, wala kama atarudi. Anaposema "mwalimu wetu hafanyi hivyo," anakuonyesha nguzo kabla hujaigonga. Ukimjibu "leo mwalimu ni mimi," umemfunga mdomo, lakini nguzo iko palepale na utaigonga tu. Mimi sasa najibu, "Ahsante. Yeye hufanyaje?" Siyo kila watakaloniambia nitalifanya, maana watoto ni watoto na wapo watakaodai kuwa mwalimu wao huwapa mapumziko mawili. Lakini waulize watano, ukweli utaupata haraka.

Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alianza kwa kutaka kujua ni namna gani ya kukemea inayotuliza darasa. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 alionyesha kwamba siri haikuwa kwenye kukemea. Madarasa yaliyotulia yalikuwa ya walimu wanaojua kinachoendelea kila kona, na watoto wenyewe wakajua kuwa mwalimu anajua. Mwalimu mbadala hana jicho hilo, angepataje? Hajui majina, hajui ni wawili gani hawakai pamoja, hajui kimya cha yule wa nyuma ni cha kawaida yake au leo ana jambo. Jicho hilo inabidi aliazime, kwa watoto na kwa mwenye darasa.

Na hapa ndipo ninapolaumu shule. Ninachoomba ni ukurasa mmoja: majina kwa mpangilio wa madawati, nani haoni vizuri akikaa nyuma, nani ana pumu au mzio, nani huja kuchukuliwa na nani, somo limefikia wapi, na kitu gani kisifutwe. Simwombi mwalimu aliyeuguliwa saa nane za usiku akauandike. Ukae ofisini tangu wiki ya kwanza ya muhula, na mwalimu mkuu ahakikishe upo. Nimezunguka shule nyingi na nimeukuta mara chache sana.

Sababu naijua: wengi wanaona kazi yetu ni kuwepo tu, mtu mzima asimame pale watoto wasiumizane. Januari 2022, UVIKO-19 ilipowalaza walimu wengi katika jimbo la New Mexico, Marekani, gavana Michelle Lujan Grisham aliwaomba askari wa akiba wajitolee kushika madarasa, na yeye mwenyewe akaenda kushika darasa la chekechea. Nawaheshimu wote waliojitokeza, shule zilibaki wazi. Lakini askari yule naye, mlangoni, mtu alimpa nini? Kama kila shule ingekuwa na ukurasa wake, angeingia darasani akiwa na pa kuanzia, na siku ya watoto isingekuwa ya kupaka rangi picha hadi kengele ilie. Mtoto ambaye mwalimu wake ameugua wiki mbili amepoteza vipindi vya wiki mbili kama hatukufundisha.

Kwa hiyo mimi huacha barua. Siku ile jioni, watoto walipoondoka, nilimwandikia mwalimu wa darasa la pili tulichosoma na tulichoacha, nikaandika kwamba mvulana wa dirishani alilalamika sikio mara mbili, nikamweleza kosa langu la ubao. Mwisho nikaandika: "Meno yamefika 18. Wamehesabu wenyewe, na wamekubaliana kwamba yaliyoota tena yanahesabiwa." Nikaiweka juu ya daftari la mahudhurio, nikafunga madirisha. Ile kona ya ubao sikuigusa.