Maji ya zege

Namalizia mwaka wa pili wa usimamizi wa ujenzi katika chuo kimoja hapa Minnesota, na kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile: wenzetu huko wanajenga kwa kitu gani ambacho sisi hatuna? Zamani nilikuwa nataja mashine. Siku hizi nataja maji.

Somo la kwanza la zege tulifanyia nje. Mwalimu aliweka koni ya chuma juu ya bati, tukaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka tukalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma. Koni ikanyanyuliwa taratibu, zege likakaa chini kama ugali laini, tukapima limeshuka inchi ngapi; maji yakizidi, linashuka zaidi. Basi. Kipimo kizima hakimalizi dakika tatu. Wiki chache baadaye, saiti, nikaona lori zima la zege likirudishwa kwa kipimo hicho hicho. Maji yalikuwa yamezidi. Kijana wa maabara, wa rika langu, alisema hapana, na msimamizi hakubishana naye.

Nilimkumbuka baba mdogo. Mkanda wa nyumba yake ya Tabata, Dar es Salaam, yaani boriti ya zege inayozunguka kuta, tuliumwaga nikiwa kidato cha tatu. Jua la saa saba, vijana wanapandisha zege kwa karai, wanalalamika gumu. "Tia ndoo nyingine!" Ikatiwa. Likateleza vizuri, tukafurahi wote. Leo mkanda ule una nyufa ambazo kucha inaingia. Maji yaliyozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu halina nguvu.

Mafundi wetu wanaijua kazi, sitakubali mtu aseme vinginevyo. Ila siku ile hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Fundi analipwa na mwenye nyumba, mwenye nyumba ana haraka, saidia fundi kachoka. Miradi mikubwa kwetu inapima, vipande vya zege vinavunjwa siku ya 7 na ya 28. Kule mitaani tunajenga kwa imani. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, huku Minnesota ilikuwa usiku, na sikulala nikitafuta habari za watu ninaowajua. Sitaki tena kusikia kwamba kupima ni mambo ya makampuni.

Mengi mengine ninayosoma ni ya huku huku. Kusini mwa Minnesota msingi unashushwa inchi 42 ili ardhi ikiganda isiuinue, na sehemu kubwa ya somo la mifumo ya jengo ni tanuri la gesi na njia za hewa ya moto. Theluji ina mahitaji yake. Kinachoniuma ni kuona Dar tukiyavisha majengo vioo, halafu tunanunua viyoyozi kupambana na joto tulilolifungia ndani wenyewe, wakati bibi yangu Bagamoyo analala bila feni katika nyumba ya kuta nene na madirisha yanayotazamana.

Kaka yangu anamwaga mkanda Chanika Jumamosi hii. Nimemtumia vipimo vya koni: chini sentimita 20, juu 10, kimo 30. Fundi wa vyuma Gerezani amemchomelea koni hiyo kwa siku moja. Jana kaka kanitumia picha ya koni, na ameniahidi kwamba atakuwa pale tangu karai la kwanza.