Nauli za ndege za ndani: pengo analipa nani?

Kampuni ya nauli nafuu ya Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam Novemba 2012, tiketi za Mwanza na Kilimanjaro zilianzia Sh32,000 kabla ya kodi. Watu waliozoea kukaa kwenye basi kutwa nzima wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Desemba 2018 safari hizo zilisimama, na hoja ikabaki: Tanzania inamudu nauli ya chini? Na je, Serikali iipange kwa amri?

Wanaotetea nauli ya chini wana msingi. Ndege ikisharuka, kiti kitupu hakiuziki tena, kwa hiyo heri kujaza viti kwa bei ndogo kuliko kuruka nusu tupu kwa bei kubwa.

Lakini fanya hesabu ya tiketi hiyo kwa tozo za leo. Sh32,000, weka VAT ya asilimia 18, yaani Sh5,760, na ada ya abiria uwanjani Sh10,000. Umefika Sh47,760, na tozo ya usalama bado. Nyongeza ni karibu nusu ya nauli yenyewe! Kwenye tiketi ya Sh300,000 ile Sh10,000 haisikiki. Ada ya namna hii inamkaba yule yule anayejaribu kushusha bei.

Halafu kuna dola. Kukodi ndege, vipuri na bima ni dola. Abiria wa Mwanza analipa shilingi. Shilingi ikishuka kati ya siku ya kuuza tiketi na siku ya kulipa ankara, hasara ni ya kampuni. Na biashara ya nauli nafuu inataka ndege iwe hewani saa 10 hadi 12 kwa siku. Uwanja usio na taa za njia ya kurukia unafungwa jua likizama, ilhali deni la kukodi ndege linahesabika usiku na mchana.

Tangu 2016 Serikali inanunua ndege na kuzikodisha kwa ATCL, shirika lake la ndege. Watetezi wanauliza: bila ATCL, nani angekwenda Mpanda au Songea? Swali la haki kabisa. Ila ATCL hiyo hiyo inagombea abiria wa Mwanza na Precision Air, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, aliikuta na hasara ya Sh56.6 bilioni mwaka 2022/23. Mshindani asiye na Hazina nyuma yake hawezi kuvumilia hasara ya namna hiyo.

Sehemu ya hasara ina sababu za kiufundi. Airbus A220 za ATCL zilisimama kwa matatizo ya injini. Ndege ya viti 132 iliyojaa ikisimama, ikaletwa Q400 ya viti 76, abiria 56 wanabaki: walazwe hoteli au warudishiwe fedha.

Kupanga nauli kwa amri hakutaondoa hata moja kati ya haya. Naona bora ruzuku ya Mpanda na Songea itangazwe kwa zabuni, kampuni yoyote iombe, ATCL ikiwemo, na kiasi kinacholipwa kwa kila safari kiwekwe wazi. Kwa safari za Mwanza na Kilimanjaro, kila kampuni ijilipie gharama zake. Na ada ya uwanja igeuzwe kuwa asilimia ya nauli.